Siku Dorotea Alipotafuta Akidi

Ukitaka kula dagaa wa kukaanga wa Dorotea pale Mtaa wa Mawe Matatu, Mkolani, jiandae kusikiliza. Dagaa wake wakavu, wana ndimu na pilipili, na wanakuja na maoni ya bure. Yaani hafungi mzigo wako kabla hajaisoma ile karatasi ya gazeti anayofungia. Anaikunjua, anaisogeza mbali na macho kwa sababu miwani aliikalia, anasoma kidogo, halafu anaguna, "Mh! Umewaona hawa?" Hapo umekwisha. Utasimama dakika kumi. Gazeti lenyewe la mwezi wa pili na tuko wa saba, lakini Dorotea anagombana nalo utadhani limetoka asubuhi.

Hakuna jambo analoliacha lipite. Bodaboda wanaopakia watatu. Shule inayochangisha pesa ya mlinzi wakati haina hata geti la kulinda. Baa inayopiga muziki mpaka vikombe vinacheza kabatini. Na wagombea, jamani, wale wanaokuja kila baada ya miaka mitano, wanakaa kwenye benchi lake wanakula dagaa kwa mikono miwili kama wamezaliwa nao, wakishapita hata pilipili hawaikumbuki.

"Mimi siyo mwanasiasa," anasemaga huku anageuza dagaa kwenye karai. "Mwanasiasa anaongea akitaka kitu. Mwananchi anaongea kwa sababu amechoka."

Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa ndo usiseme. Wenzake wanaandika mstari mmoja, yeye anatuma vois ya dakika saba, na nyuma mafuta yanachachatika chaaa mwanzo mpaka mwisho. Watu wanazisikiliza huku wanafua.

Sasa mwezi huo wa saba likaja jambo ambalo vois haikutosha.

Mtaa ulikuwa unajengewa kizimba cha taka, lile boksi kubwa la zege ambalo watu wanatupa humo mpaka gari lije kuzoa. Kitu kizuri kabisa, maana watu walikuwa wanatupa korongoni, mvua ikinyesha pampasi zinaanza safari ya kwenda ziwani. Shida ilikuwa kitakaa wapi. Kamati ya mtaa ikapendekeza uwanjani. Huo uwanja ndo sehemu ya wazi pekee iliyobaki Mawe Matatu, watoto wanachezea mpira hapo, na pembeni yake, kwenye kivuli cha mwamba, ndipo lilipo karai la Dorotea. Miaka kumi na minne lipo hapo. Kizimba kingekaa hatua ishirini tu toka kwake, na upepo wa ziwani ukianza mchana unavuma moja kwa moja kwenye benchi la wateja. Nani anakula dagaa katikati ya nzi?

Pendekezo lilitakiwa lipite kwenye mkutano mkuu wa mtaa, na mkutano unataka akidi, yaani watu wafike idadi inayotosha. Pale kwao ilikuwa majina mia moja, yasainiwe kwenye daftari. Mkutano wa kwanza walikuja kumi na tisa. Wa pili thelathini na mmoja, na wanne kati yao walikuwa wamefuata barua za utambulisho. Ndo Queen, mtendaji wa mtaa, binti mdogo lakini hacheki na daftari, akatangaza kwamba Jumamosi itakuwa mara ya tatu na ya mwisho. Akidi isipotimia, pendekezo la kamati linabaki kama lilivyo, kizimba kinajengwa uwanjani.

"Usiwe na wasiwasi, mama," Mwenyekiti Josephat akamwambia Dorotea, mdomo umejaa dagaa. Josephat ni mtu mpole, mnene, na kwa Dorotea hapitishi siku. "Njoo mkutanoni useme."

"Nimwambie nani, Mwenyekiti? Viti?"

"Si ulete watu."

"Watu hawaji kwa sababu mkutano wenu una ajenda ya kufungua mkutano, halafu ajenda ya kuzipitisha ajenda. Mpaka mfike kwenye taka, mtu kashaota mvi."

Josephat akacheka, akafuta mikono. "Sema tu ukweli. Unatetea karai lako."

"Natetea karai, ndiyo. Na uwanja. Kwani mwenye karai siyo mwananchi?"

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila mlango anaambiwa, "Tutakuja, mama," lakini ile tutakuja ambayo mtu anaisema huku anaegemea vizuri kwenye kochi. Na kila nyumba inakubali kizimba kijengwe, ila mbali na wao. Mpaka Dorotea akatuma vois fupi kuliko zote alizowahi kutuma: "Taka tunazalisha wote, jaa mnataka liwe la jirani. Haya."

Alhamisi akaingia dukani kwa Mzee Pradip, anayeuza vipuri vya baiskeli kule barabarani. Mzee Pradip kazaliwa Mwanza, baba yake kazaliwa Mwanza, na Kisukuma chake kinawaaibisha watoto wa Kisukuma wa siku hizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi samaki sili, kwa hiyo leo umeniletea maoni."

Dorotea akamweleza yote. Mzee akawa anazungusha tairi taratibu, anasikiliza spoku.

"Mama, Msukuma hukumwita vizuri," akasema mwishoni. "Msukuma humwiti kwa tangazo. Unamwita kwa ngoma. Mimi nina watu wangu wa Bagika kule Usagara. Wale wakipiga, hata mgonjwa anauliza viatu vyake viko wapi."

Dorotea karibu ambusu. Akarudi kwenye karai anaimba. Kesho yake Ng'washi, anayeuza nyanya jirani yake, akamuuliza furaha yote hiyo ya nini. Dorotea akasema tu kwamba Jumamosi anataka ngoma.

"Ngoma? Si ungeniambia! Baba yangu mdogo ndo kiongozi wa Bagalu. Nimlete?"

"Mlete!"

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Ngoma moja watu hamsini, ngoma mbili watu mia, akidi hiyo hapo. Mzee Pradip hakumwambia habari ya Bagalu. Ng'washi hakumwambia habari ya Bagika. Hakuona sababu.

Kumbuka Dorotea ni Mkerewe. Kazaliwa kisiwani, mambo ya Kisukuma anayajua ya kuazima. Msukuma yeyote angemshika mkono na kumwambia, mama, tulia. Bagika na Bagalu ni wapinzani toka enzi za mababu, na wanachoshindania ni watu. Wanapiga uwanja mmoja, muda mmoja, kila kundi na duara lake, watazamaji wanahama huku na huku, na mwenye watu wengi ndo kashinda. Mshindi asipojulikana, haondoki mtu. Hata jua lizame.

Jumamosi saa nane mchana, Queen kapanga viti mia moja na ishirini kwenye veranda na mbele ya ofisi ya mtaa, ng'ambo ya barabara toka uwanjani. Fuso likaingia uwanjani limejaa Bagika, Mzee Pradip kakaa mbele na kofia nyeupe. Wakashusha ngoma zao. Hawajamaliza, upande wa pili wakatokea Bagalu wanatembea kwa mstari, njuga miguuni, Ng'washi mbele anapiga vigelegele.

Viongozi wawili wakaonana. Kuku akavuka uwanja peke yake.

Halafu ngoma zikalia pande zote mbili kwa mpigo.

We! Watu walitoka mpaka chini ya mawe. Waliotoka saluni wametoka na rola kichwani. Mafundi wameacha ukuta nusu. Walikuja wa Buhongwa, walikuja hata waliokuwa njiani kwenda msibani. Saa tisa vumbi limefunika magoli na watu hawahesabiki. Na kule ofisini, kwenye viti mia moja na ishirini, amekaa Mwenyekiti Josephat, wajumbe wawili, na mzee mmoja aliyelala. Daftari lina majina saba, maana watatu walisaini wakakimbilia ngoma.

"Akidi si watu?" Dorotea akamuuliza Queen, jasho linamtoka. "Wale pale siyo watu?"

"Wale watazamaji, mama. Wahudhuriaji ni waliosaini. Saa kumi nafunga daftari."

"Mwanangu, hebu nionee huruma."

"Mama, nikikuonea huruma wewe, kesho wataniuliza kwa nini sikumwonea mwingine."

Na ukweli, hiyo ni kauli ambayo Dorotea mwenyewe angeisema kwa wengine.

Akakimbilia uwanjani. Akajipenyeza mpaka katikati ya duara la Bagika, akapaza sauti, "Ndugu wananchi!" Mtu nyuma akamjibu, "Mama toka, unatuziba!" Akatoka akaenda kwa Bagalu, akamvuta Ng'washi kanga.

"Ng'washi, waambie wanyamaze kidogo!"

"Wanyamaze? Tukinyamaza Bagika si watachukua watu wetu wote!"

"Hawa watu ni wa mkutano!"

"Mkutano gani?" Ng'washi akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Saa tisa na nusu. Dorotea akamkuta Mzee Pradip anapiga makofi mbele ya ngoma kama kijana wa miaka ishirini.

"Mama," mzee akasema, "Bagalu umewaita wewe?"

"Mimi."

"Na sisi umetuita wewe."

"Ndiyo, mzee."

Mzee Pradip akashika kichwa. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe, kofia ikaanguka. Dorotea alikuwa karibu kulia. Miaka kumi na minne, na karai analipoteza mbele ya watu mia tano, na hao watu amewaita mwenyewe!

"Huu moto huuzimi leo," mzee akasema anajifuta macho. "Umeshauwasha. Sasa si upikie?"

Sasa hapo mzee alikuwa anaongea lugha ya Dorotea. Akasimama dakika nzima anayatazama yale maduara mawili, watu wanavyohama na kurudi, kila upande unapiga kelele kwamba wao ndo wengi. Wengi kwa nani? Nani kahesabu?

Akavuka barabara mbio, ndala moja mkononi.

"Queen! Sheria inasema mkutano ufanyike kwenye viti?"

Queen akafikiri. "Inasema ufanyike ndani ya mtaa, na utangazwe."

"Uwanja uko ndani ya mtaa?"

"Upo."

"Basi Mwenyekiti, beba meza."

Josephat akabeba meza. Walipoiweka katikati, baina ya maduara mawili, Dorotea akamwita Mzee Pradip na Ng'washi, akawaambia wawaeleze viongozi wao kitu kimoja tu: leo mshindi hatakadiriwa kwa macho. Atahesabiwa na mtendaji, kwenye daftari la mtaa, kwa saini. Ukurasa wa kushoto Bagika, wa kulia Bagalu.

Jamani. Toka mababu waanze kushindana, hakuna aliyewahi kushinda kwa maandishi. Viongozi wenyewe wakaanza kuwasukuma watu mezani. "Ngosha, umesaini? Saini kwanza, utacheza baadaye!" Queen akasimama juu ya kiti anafoka, "Wakazi wa Mawe Matatu tu! Wa Buhongwa pembeni! Wewe kaka nakujua, nyumba yako iko ng'ambo ya korongo, toka!" Saa kumi kasoro dakika sita, jina la mia moja likaandikwa. Waliokuwa kwenye foleni kabla ya saa kumi Queen aliwaacha wamalize, majina yakafika mia mbili na kumi na tatu.

Josephat akainuka, akajikohoza. "Ajenda ya kwanza, kufungua..."

"Mwenyekiti!" uwanja mzima.

"Haya, taka." Akageuka. "Mama Dorotea, kila siku unatwambia kisichofaa. Leo watu hawa hapa. Uwanjani hutaki. Sema basi, kiwe wapi?"

Hapo ndo akagundua kitu cha ajabu. Miaka yote hiyo ya maoni, hakuna aliyewahi kumuuliza. Akatazama korongo, akatazama mwamba, akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye viti mia moja na ishirini vitupu na yule mzee aliyelala.

"Nyuma ya ofisi ya mtaa," akasema.

Watu wakaguna.

"Gari linafika pale bila kukwama. Hiyo moja. Ya pili, mnasema natetea karai langu. Ni kweli, nalitetea. Lakini hebu fikirini. Kizimba kikijaa hapa, nani atapiga simu? Mimi? Nani atapokea simu ya muuza dagaa? Watoto wenu watacheza mpira juu ya taka wiki tatu. Ila kikijaa nyuma ya dirisha la Mwenyekiti..." akamgeukia Josephat, "...nawaapia, hakitamaliza siku mbili."

Kicheko kilichopigwa pale kilizidi ngoma zote. Hata Queen akainamia daftari mabega yanatikisika. Josephat mwenyewe alicheka, akasema, "Mama huyu ananimaliza," lakini akaita kura kama inavyotakiwa. Wa uwanjani wasimame kwenye goli la chini, wa ofisini wasogee barabarani. Na watu ambao mchana kutwa walikuwa wanahama duara kwa duara, wakahama tena, vumbi likapanda, wakaelekea barabarani. Golini walibaki kumi na mmoja na mbuzi.

Ngoma zikarudi hapohapo, maana Bagalu walikuwa na mia na saba na Bagika mia na sita, na Mzee Pradip alikuwa ameshaanza kudai kwamba kuna mtu wa Bagalu kasaini mara mbili.

Kizimba kilijengwa mwezi wa tisa. Siku moja gari la taka lilichelewa, na kabla ya saa tatu asubuhi Josephat alikuwa ameshapiga simu mara nne. Akaja kwenye karai mchana akiwa amechoka, akakaa benchini. Upepo wa ziwani ulikuwa unakuja msafi, unanukia mafuta na ndimu.

"Nipe wa kufunga, mama, nikale nyumbani. Ofisini leo hapakaliki."

Dorotea akachukua karatasi ya gazeti, akaikunjua, akaisogeza mbali na macho.

"Mh," akasema. "Mwenyekiti, umewaona hawa?"