Mzee Aliyeniuliza Mtoto Atalala Wapi

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kelele. Mimi ni mtu wa Singida, dereva wa gari la kuwapeleka wagonjwa kusafishwa figo, na maisha yangu yote nimekuwa wa kwanza kuwakejeli watu wa habari za mizimu. Hili halikunitokea porini wala makaburini. Lilinitokea Jumamosi mchana, taa zote zinawaka, kwenye duka la bunduki hapa Maryland, Marekani, na haki ya Mungu sijaongeza hata neno.

Kwanza ujue nilifuata nini huko. Mwezi mmoja kabla, watu wawili walinivamia kwenye maegesho ya nyumba tunazokaa, Adelphi. Walinipiga, wakachukua simu na pete ya ndoa. Maumivu ya kipigo yaliisha. Kilichobaki ni kwamba binti yangu Zawadi, wa miaka kumi na sita, aliniona kutoka dirishani nimepiga magoti, nalia, nawaomba wasiniue. Tangu siku hiyo nikawa siwezi kumtazama usoni. Mke wangu alisema, "Baba Zawadi, yameisha, shukuru uko hai." Nitashukuruje na aibu ile? Nikahudhuria darasa, nikatoa alama za vidole, leseni ikatoka, nikaenda kuchagua bastola.

Na nilitaka kubwa. Wiki tatu nzima nilikuwa naangalia video za wataalamu, mpaka mke wangu akawa anahama sebuleni akiniona nimeshika simu. Nilishajua kuna bastola ya milimita tisa na kuna ya milimita kumi. Nilishajua kuna risasi yenye tundu kichwani, ambayo ikigonga kitu inachanuka na kupunguza mwendo, na kuna ya kichwa kigumu, iliyovikwa shaba, ambayo inapita na kuendelea na safari yake. Muuzaji, Mzungu mmoja mpole mwenye ndevu, aliniambia milimita kumi wanaichukua watu wanaokwenda kwenye misitu yenye dubu. Kwa mtu wa kwenye ghorofa, akasema, tisa inatosha, tena na risasi za kuchanuka. Nikamwambia nipe hiyo ya dubu, na za kichwa kigumu. Akanitazama, akanipa namba, akasema nikakae nifikirie, ataniita tujaze fomu.

Nikakaa kwenye viti vya ukutani. Bahasha yangu ya karatasi niliiweka kwenye kiti cha pembeni. Sikumwona alivyoingia, ila niligeuka nikakuta mzee ameketi pale pale, juu ya bahasha yangu. Mtu mweusi, mrefu, koti la kijivu lisilo na kifungo hata kimoja. Nikasema samahani mzee, umekalia karatasi zangu. Akasema, "Acha tu, ndugu. Haina shida." Kwa Kiswahili! Na Kiswahili chenyewe cha Kongo, kile cha Bukavu. Ukiwa ugenini ukasikia lugha yako, moyo unalainika wenyewe. Nikamwamkia vizuri, shikamoo.

Hakuitikia. Akasema, "Uko unachagua ile ya nguvu."

"Ndiyo, mzee. Wezi wametuzidi."

"Mimi pia nilichagua ya nguvu. Hapa hapa. Na masasi ya kichwa nguvu. Nilisema, mimi nataka ile yenye inapita." Alikuwa anaongea polepole, anaangalia mikono yake. "Na kweli inapita. Nyumba za inchi hii, ukuta iko kama karatasi."

Halafu akanieleza, bila mimi kumuuliza. Kaka yake mkubwa alikuja kutoka nyumbani kuwatembelea. Sasa wewe unajua sisi tulivyo, uwe Mkongo, uwe Mtanzania. Mgeni wa heshima analala wapi? Anapewa chumba cha mtoto, mtoto anahamia kwenye kochi. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Siku ya nne, alfajiri, mzee huyu akasikia mtu anatembea sebuleni.

"Katika kichwa yangu, saloni haina mutu," alisema. "Mutoto iko chumba yake. Miaka kumi na moja analala chumba yake. Nilisahau, ndugu. Nilisahau mugeni iko ndani. Nilipiga kupitia ukuta. Moja tu."

Nilisema pole mzee, pole sana, machozi yananitoka. Ndipo akanigeukia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kabisa.

"Na Zawadi," akasema, "Alhamisi atalala wapi?"

Niamini ninapokwambia alimtaja kwa jina. Sikuwa nimemtajia binti yangu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote mle dukani kwamba Alhamisi mama mkwe wangu anatua kutoka Tanzania, na kwamba tumeshakubaliana atalala chumbani kwa Zawadi. Mama mkwe humlazi kwenye kochi, utasemwa mpaka uzeeke. Pale pale muuzaji akaita namba yangu. Niligeuza kichwa kuitikia, nikarudisha macho, kiti kitupu. Mlango wa duka lile una kengele, nayo haikulia. Na bahasha niliyoiona kwa macho yangu imekaliwa na mtu mzima haikuwa imekunjwa hata kona.

Usidhani nilipiga magoti nikasali. Nilikasirika! Nilijiambia huyu ni mganga, au kuna mtu wa Adelphi amenisema. Nikaenda kaunta, muuzaji akaniwekea bastola mkononi. Nzito, baridi. Nikajaribu kuwafikiria wale wawili wa kwenye maegesho, sura zao zikakataa kuja. Nilichokiona ni kochi letu. Nikamwambia muuzaji nitarudi siku nyingine, nikaondoka bila kununua. Njia nzima nilikuwa najitukana kwa kushindwa tena.

Mama mkwe akafika Alhamisi, vigelegele, unga wa mtama, dagaa, nyumba ikajaa. Zawadi akahamia kwenye kochi akinung'unika kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Jumapili alfajiri nikashtuka usingizini. Mtu anatembea sebuleni. Sasa nisikilize vizuri. Mimi niliyeonywa, mimi niliyelizwa na habari ile siku nane tu nyuma, nilisahau. Kichwani mwangu sebule haikuwa na mtu. Mkono wangu wenyewe ulivuta droo ya pembeni ya kitanda, mahali nilipokuwa nimepanga kuiweka bastola, ukapapasa. Mlikuwa na dawa ya kikohozi na miwani. Kama kungekuwa na kingine, ningekitumia. Sikudanganyi, ningekitumia.

Nilitoka mikono mitupu. Zawadi alikuwa anatafuta chaja ya simu, amejifunika khanga ya bibi yake kichwani. Akaniuliza kwa Kiingereza nina nini. Nikamkumbatia nikalia mpaka nyumba nzima ikaamka. Mama mkwe alifikiri kuna msiba nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya maegesho nilimtazama mwanangu usoni, na yeye akanifuta machozi kwa khanga ile.

Baada ya hapo sikutulia. Kazini kwetu kuna mama wa Kikongo, nikamsimulia. Akasema habari ya mtoto huyo anaijua, akanipeleka kwa mwanamke mmoja anayesali kwenye kanisa dogo kule Takoma Park. Wanamwita Mama Heri. Heri ndiye yule mtoto aliyepigwa kupitia ukuta. Ukutani kwake kulikuwa na picha ya familia, na mzee wangu yumo, amevaa koti lile, vifungo vyote vipo. Nikauliza yuko wapi. Akasema amekufa, huu mwaka wa tatu. Mahakama ilimwachia, ila yeye Mama Heri hakumwachia. Siku ya mazishi ya mtoto alimshika koti mbele ya watu, akalivuta mpaka vifungo vikaruka, akamwambia asiukanyage tena mlango wake, awe hai, awe maiti. Mzee akaenda kulala kwa binamu yake. Hakumaliza mwaka, moyo ukasimama.

Nilitegemea anifukuze. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa anasikia baridi?"

Nikasema sijui, mama. Koti lilikuwa wazi.

Akalia kilio ambacho sijawahi kusikia tena. Akasema mimi ni wa tatu kuja na habari hiyo. Wanaume watatu, kila mmoja ana mtoto, kila mmoja ana mgeni njiani. "Anaenda kwa watoto wa watu," alisema, "kwangu hafiki. Nilimufungia mimi mwenyewe. Ukimuona, umuambie mulango iko wazi. Umuambie Mama Heri anasema aje nyumbani."

Basi huu ni mwaka wa pili, kila Jumamosi nisiyo na kazi nakwenda kukaa kwenye viti vile. Muuzaji ameshanizoea, ananiletea kahawa, hata haniulizi ninachotaka. Mzee hajatokea. Mimi nimeshajibu swali lake, nadhani hana tena shida na mimi.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Najua unafikiria kununua, wengi tunafikiria, na sikulaumu, hofu naijua. Kabla hujachagua ukubwa, kabla hujachagua risasi, hesabu vitanda vya nyumbani kwako, na uhesabu tena siku mgeni akifika. Na akija mzee wa koti la kijivu akaketi pembeni yako, usimkimbie, usimkasirikie kama nilivyofanya mimi mjinga. Mjibu mtoto wako analala wapi. Halafu, tafadhali, mwambie mke wake anamsubiri.