Unguja kwa Nani?

Mabasi ya watu binafsi yalipoanza kushindana mbio kwenye barabara kuu, Mikumi ilikuwa mahali pa kuwatazama wenzako wakipita. Basi lilisimama, abiria wakashuka kunyoosha miguu, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakapanda, wakaenda zao Dar es Salaam. Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu, napunguza suruali za mitumba. Hakuna aliyeshonesha nguo mpya tena. Nani ashonewe gauni wakati marobota yanafunguliwa kila mnada? Mtaani waliniita Fundi. Wanawake wa rika langu walikuwa Mama Fulani na Mama Fulani, na mimi, kwa kukosa mtoto wa kuitiwa, nikabaki na jina la kazi.

Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii. Wageni wake wakishawatazama tembo na twiga, walikuwa wanashuka Dar, wanatembea mjini siku mbili tatu, kisha wanavuka Unguja kujilaza mchangani. Hawaendi kumwona mgonjwa wala kuzika. Wanakwenda tu. Jioni moja mume wangu alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akasema, "Likizo yangu ikitoka, na sisi tutakwenda. Dar kwanza, halafu Unguja."

Niliendelea kukanyaga cherehani. Nilijua kilichokuwa kinamsukuma.

Kabla ya hapo tulikuwa tumekwenda hospitali ya misheni, sisi wawili, tukapimwa. Daktari alituambia wote kwa maneno yasiyo na kona kwamba mimi sina tatizo lolote, tatizo liko kwa mume wangu. Njiani kurudi aliniomba jambo hilo libaki letu. Nilimhurumia, nikakubali. Huruma ile haikudumu. Kwao Mvumi, upande wa Kilosa, waliendelea kuniita tasa, kwanza kwa kunong'ona, baadaye hata nikiwa nimekaa palepale. Wao ni watu wanaofuata upande wa mama, na neno la mjomba ndilo la mwisho. Mjomba wake mkubwa alikuwa ameanza kusema waziwazi kwamba kijana atafutiwe mke mwingine. Na kijana mwenyewe, kila yaliposemwa hayo, alikuwa anachunguza ukili wa mkeka.

Kwa hiyo aliposema Unguja, nilielewa kuwa nalipwa kwa kunyamaza. Na bado niliitaka safari ile! Nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Niliitaka mpaka nikajikasirikia.

Tukaanza kupanga. Yeye alijua mambo mengi kwa kuwasikiliza wageni: boti mpya zinazokwenda kasi, samaki wa Forodhani, pwani ambayo mchanga wake hauunguzi miguu. Mimi nilitaka kulala Kariakoo, nijichanganye na watu, nione maduka yaliyojaa vitu ambavyo zamani tulikuwa tukivipangia foleni. Yeye alitaka nyumba ya wageni yenye dirisha la kutazama maji. Tulibishana kwa raha, kwa siku kadhaa tukawa kama wachumba. Nikajishonea gauni la mikono mifupi kwa kitambaa nilichokuwa nimekificha muda mrefu. Yeye akaanza kunichotea maji na kunisifia mboga, na upole wote huo ulinikera kwa sababu niliijua bei yake. Kila aliporudi kutoka kwao akaongeza siku za kukaa Unguja, nilijua kuna maneno mapya yamesemwa juu yangu.

Mtaani habari zilienea. Muuza vitumbua jirani yangu alikuja na sahani yake, akakaa.

"Fundi, nasikia unasafiri."

"Nakwenda Dar, halafu Unguja."

"Unguja kwa nani?"

"Sina mtu. Nakwenda kutembea."

Akanitazama usoni, akanitazama tumbo, akashusha sauti. "Haya, mwenzangu. Mungu akujalie. Huko wapo wanaojua."

Ndipo nilipofahamu. Kwa watu wetu, mwanamke asiye na mtoto akivuka maji kwenda Unguja, haendi kutazama samaki. Anakwenda kwa mganga. Nilikana mpaka nikachoka, na kadiri nilivyokana ndivyo walivyoniitikia kwa huruma. Mmoja aliniambia nisione haya. Nilimrudishia suruali yake bila kuipunguza.

Siku moja kabla ya safari, lori la kutoka Kilosa lilimshusha mama mkwe mbele ya baraza langu. Alikuwa na kikapu, furushi la nguo, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tuondoke wote."

"Kwenda wapi, Mama?"

Akatazama huku na huku. "Safari kama hii mke hapelekwi na mumewe. Kwetu anapelekwa na mama. Yeye atabaki, tutakwenda mimi na wewe. Nimeshamwambia, amekubali."

"Amekubali?"

"Tena yeye ndiye aliyenieleza. Nilimuuliza kama mnakwenda kwa mambo yale, akasema ndiyo."

Nilimkaribisha ndani, nikamwekea maji ya kuoga, nikampikia. Mume wangu aliporudi alimwamkia mama yake, akamwona jogoo, akaketi mbali nami. Nilimtazama. Alikula wali wake wote bila kuinua uso, kisha akasema mama amechoka, tutaongea kesho. Kama angekuwa amepiga sahani chini ningemwelewa zaidi.

Asubuhi tulikuwa kituoni watatu, na hayo maongezi hayajafanyika. Basi lilikuja, utingo akapandisha mfuko wangu, mama mkwe akapanda na furushi lake na kukaa kwenye kiti kilichokuwa cha mume wangu. Jogoo alimwachia mwanawe amshike kidogo. Mimi nilibaki chini, karibu na mlango. Hapo mume wangu akanisogelea na kuninong'oneza.

"Nenda naye tu, mke wangu. Mganga mwenyewe hatakudhuru. Mama akishaona umekwenda, kwetu watatulia. Bahari utaiona vilevile."

Sijawahi kukasirika kama siku ile. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba aibu yake, nikijiambia kwamba iko siku ataitua mwenyewe. Sasa alikuwa ananitaka nikatibiwe ugonjwa wake.

"Mama!" niliita dirishani. "Shuka."

"Kuna nini?"

"Shuka, Mama, nakuomba."

Alishuka kwa shida, akishikilia mlango. Utingo akapiga ubavu wa basi, anasema wanaondoka. Wauza mahindi wakageuka.

"Mama, jogoo wa mganga yuko mikononi mwa mwenyewe," nilisema. "Mgonjwa ni huyo, si mimi. Muulize."

Nilidhani nitapiga kelele, lakini sauti ilitoka ya kawaida kabisa. Mama mkwe alimtazama mwanawe. Jogoo alikuwa akipiga mabawa, naye amemkumbatia kifuani.

"Anasema nini mwenzio?"

Mume wangu alimbana jogoo mabawa. Nilijua kwamba akikana pale, ndoa yangu itaishia kwenye kile kituo, nami nitarudi kwetu na mfuko ule ule. Utingo akauliza kama tunapanda au hatupandi.

"Ni kweli, Mama," mume wangu akasema. "Daktari alisema ni mimi."

Mama mkwe akakaa kwenye jiwe la pembeni ya barabara. Alifunga upya khanga yake kichwani, akaifungua, akaifunga tena. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Nilimwonea huruma, maana hakunidanganya. Alikuwa amedanganywa kama watu wote. Kisha akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pandeni, mwanangu. Nendeni wote wawili, mkapumzike. Mimi nitarudi nyumbani. Wajomba nitajua la kuwaambia."

"Utawaambia nini, Mama?"

"Nitawaambia mmekwenda. Nitawaambia wasubiri. Mambo haya si ya kutoa nje."

Mume wangu alishusha pumzi. Niliisikia. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake uso wake ulikuwa na furaha. Gauni langu jipya lilikuwa ndani ya mfuko, na mfuko ulikuwa ndani ya basi. Mpaka jioni ningekuwa Dar. Keshokutwa ningekuwa Unguja, na hapakuwa na mganga tena, wala mama mkwe, ilikuwa likizo kama ya wale wageni wa hotelini. Nilichotakiwa ni kupanda tu na kuendelea kunyamaza.

Nikamwambia utingo anishushie mfuko wangu.

"Nauli hairudishwi, dada."

"Nishushie."

Basi likaondoka na viti vyetu vitupu. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi, kwa sababu nilikuwa tayari nimevuka barabara, upande yanaposimama magari ya Kilosa. Walinifuata, kwanza mama mkwe, kisha mume wangu na jogoo. Tulipata lori la mchana. Vumbi lilitujaa mpaka kope, na mimi nililia kidogo kwa ajili ya bahari, nikiwa nimegeukia nyuma ili wasinione.

Mvumi tuliwakuta wajomba nyumbani. Tulitandikiwa mkeka. Mjomba mkubwa, yule aliyekuwa anatafuta mke mwingine, alishangaa kutuona, akauliza kama safari imeharibika. Nilikaa na mfuko wangu magotini na sikusema lolote. Mama mkwe naye hakusema. Mjomba akauliza tena, kwa ukali.

Ndipo mume wangu alipozungumza. Alitamka yote, kuanzia hospitali mpaka kituoni, lakini aliyatamka kwa sauti ndogo, macho yakiwa palepale kwenye mkeka.

Mjomba akasogea mbele. "Inua uso," alisema, "useme kama mwanamume anayesema na watu."

Mume wangu akainua uso. Alinitazama mimi kwanza, kisha akarudia kwa sauti, na wanawake waliokuwa wakitwanga uani wakaacha kutwanga.