Finjani Kumi na Saba

Wakenya wenzangu hapa mtaani Al-Hindawiyah hawawezi kunikaribisha kahawa bila kucheka kwanza, na kila mmoja anakisimulia kisa hiki akiongeza chumvi yake, kwa hiyo nimeona heri nijiaibishe mwenyewe, na kwa ukweli.

Mimi nalinda ghala hapa Jeddah (digrii yangu ni ya takwimu, lakini hilo tuliache). Dada yangu Nekesa anafanya kazi za nyumbani Riyadh, na kwa miaka mitatu hatukuwa tumeonana hata mara moja. Basi madam wake akasema Jumamosi atampeleka mtoto kwa daktari wa meno, na Nekesa ataachwa kwenye maduka yaliyo chini ya lile ghorofa refu lenye tundu juu, kuanzia saa nne hadi saa sita. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la usiku, na kwa kuwa ningefika asubuhi mapema nikaandika kwenye daftari vitu vya kutazama katika mji mkuu wa watu, ngome ya udongo, makumbusho, soko la kale, kila kimoja na dakika zake.

Ngome niliikuta imefungwa. Nikaizunguka mara tatu, nikapiga picha ya mlango, nikawaza askari atashuku kwa nini napiga picha mlango, nikaifuta, nikawaza kufuta ndiko kutakakomshtua, nikapiga nyingine. Saa tatu unusu nikaingia sokoni, na mzee mmoja wa duka la mazulia, kanzu nyeupe pe, akaniita: "Taal, taal! Gahwa!"

Nikajiambia finjani moja, dakika kumi. Nikakaa.

Sasa, kwetu Bungoma ukirudisha kikombe kikiwa na chai ndani umemtukana mwenye nyumba, kwa hiyo nikainywa yote, ile kahawa yao ya manjano yenye iliki, na kabla sijaiweka chini mzee akaijaza. Nikainywa. Akaijaza. Nikaona labda ananipima adabu, nikainywa haraka zaidi ili ajue nimeshukuru, naye akaijaza haraka zaidi. Kufika ya nane mguu wangu wa kulia ulikuwa unacheza wenyewe. Kufika ya kumi birika liliisha, nikashusha pumzi, mzee akapiga makofi, likaja lingine.

Mtauliza kwa nini sikusema imetosha. Niliwaza sana! Kiarabu changu ni cha ghalani. Nikitaka kusema "halas", nakumbuka hilo ndilo neno msimamizi wangu ananipigia nalo kelele, nitamwambiaje mzee wa watu hivyo? Nikasema moyoni nitamwambia "mafi gahwa", lakini hiyo ni kama kumwambia kwake hakuna kahawa, na amenimiminia kumi na mbili. Nikajaribu kuinuka, akanishika bega, akanikalisha, akanionyesha zulia jingine. Simu ilitetemeka mfukoni. Nilijua ni Nekesa. Kutoa simu mbele ya mzee anayezungumza nami nikaona ni utovu wa adabu. Ikatetemeka tena. Majirani wa mzee walikuwa wameanza kujaa mlangoni, mmoja akihesabu kwa vidole, na mzee mwenyewe jasho lilikuwa linamtoka.

Kwenye ya kumi na saba akapita dereva Mkenya aliyemleta bosi wake kununua zulia. Akatutazama, akaangua kicheko.

"Ndugu, wewe ni wa wapi?"

"Bungoma."

"Tikisa kikombe, bwana! Usipotikisa hawezi kuacha kumimina. Utamuua mzee!"

Nikatikisa. Nilitikisa kwa furaha, na finjani ilikuwa imejaa.

"Si umalize kwanza!" dereva akapiga kelele.

Kanzu ya mzee ilikuwa ya manjano kutoka kifuani hadi tumboni. Mzee akajitazama, akanitazama, kisha akaegemea mazulia yake akacheka mpaka machozi, na wenzake wote nyuma yake, na mimi nikawa nainama nikisema "samahani" kwa lugha tatu huku nimebana magoti, kwa sababu finjani kumi na sita nilizokunywa lazima zitoke mahali.

Choo kilikuwa cha msikiti wa jirani. Kisha teksi. Simu ilikuwa na jumbe kumi na moja za Nekesa, wa mwisho ukisema tu, "Haya."

Nilimkuta amesimama mlangoni mwa maduka, mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Dakika tisa, Wafula. Zimebaki tisa."

Nikamweleza mbiombio, nikimeza maneno, naye akaanza kucheka mpaka akajifuta macho kwa ushungi. "Si ungenipigia! Mimi kila siku nawamiminia wageni gahwa. Wakitikisa, naondoka." Kisha akaushika tena mkoba wake. "Kumi na saba. Na mimi miaka hii yote hakuna aliyewahi kuniambia nikae, animiminie hata moja."

Usiku kucha kwenye basi nilikuwa nimepanga ya kumwambia. Sikukumbuka hata moja. Nikageuka kuona kama kuna mahali pa kununua kahawa, foleni ilikuwa ndefu, na gari la madam likapiga honi.

"Yalla, nenda salama," akasema, akanigusa shavu kama alivyokuwa akifanya nikienda shule, akaenda.

Saa mbili nilimpa mzee nisiyejua hata jina lake, dada yangu nikampa dakika tisa, yote kwa kuogopa kuonekana sina adabu. Nikienda Riyadh tena sitaki ngome wala soko. Nitashuka kwenye basi niende moja kwa moja kwenye mlango ule, nikae hapo na vikombe viwili mkononi, watu wanitazame watakavyo, na vikipoa nitanunua vingine.