Makaburi Yasiyo na Wenyewe

Katika kazi yangu ya kufundisha utawala bora nina kiburi kimoja, na sikionei haya: situmii mifano ya vitabuni. Wenzangu wengi hutembea na vijitabu vyenye kijiji cha kubuni, chenye mkuu wa kubuni anayeiba mbolea ya kubuni. Wanafunzi wanacheka, wanakula bukari, ugali wa mchana, wanarudi makwao vilevile walivyokuja. Mimi huwaambia watu wa komini, yaani manispaa: leteni karatasi ya kweli, iliyobandikwa ofisini kwenu wiki hii, tuichambue pamoja. Mara nyingi wananinunia mpaka siku ya mwisho, na hilo halijawahi kuninyima usingizi.

Kolwezi, mji wa migodi ya shaba, tulipewa ukumbi wa parokia. Upande mmoja walikaa watu wa serikali, yaani katibu wa komini na mashefu wa kartie, wale wakuu wa mitaa. Upande wa pili walikaa watu wa vyama: mama wauza mboga, wajane, wazazi wa shule. Chama kimoja kilileta rais, makamu wa rais, katibu, na washauri wanne. Nilipouliza wanachama wako wapi, rais akanijibu bila kupepesa macho kwamba bado wanatafutwa. Mchekeshaji wa darasa alikuwa shefu mmoja wa kartie, mtu wa makamo mwenye kofia ya ngozi asiyoivua hata wakati wa sala. Kila nilipouliza swali alikuwa wa kwanza kujibu, na kila jibu lake lilikuwa utani.

Hakuna aliyejua kwamba mimi ni mtoto wa mji ule ule. Jina ninalotumia ni la mume wangu, mtu wa Sandoa, kwa hiyo wote walinihesabu kuwa Mlunda. Lakini nilizaliwa pale, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali, kufanya kazi ya shaba, baba yangu akazaliwa kambini na kuwa fundi wa karakana. Alifariki nikiwa na umri wa kuruka kamba, tukamzika nyuma ya kambi. Mwaka uliofuata kampuni ilikuwa hoi, mishahara imekatika, na watu wakatafuta wa kumlaumu. Wakatupata sisi wa Kasai. Tuliitwa bilulu, wadudu, na kuambiwa turudi kwetu, mahali ambapo mimi sikuwahi kupaona hata kwenye picha. Tulilala gare, kituo cha treni, wiki nyingi tukingoja behewa. Mama yangu yuko Kasai hadi leo, na kwa miaka mingi ukitaja Kolwezi mbele yake anainuka na kwenda kuosha vyombo vilivyo safi.

Asubuhi ya siku ya pili nilifundisha somo ninalolipenda kuliko yote: mwenye lake ndani ya jambo aseme wazi, kisha atoke nje wakati wenzake wanaamua. Niliwapigia kelele sana juu ya hilo, maana mashefu walikuwa wanacheka. Kisha nikamwomba katibu alete karatasi yake. Alikuwa mtu nadhifu, muhuri wa komini ukichungulia kwenye mfuko wa shati. Akaniletea tangazo lenye kurasa tatu.

Tangazo lilisema kwamba makaburi ya zamani nyuma ya kambi yataondolewa ili barabara mpya ya malori ya madini ipite. Familia zije na karatasi ya mazishi, zionyeshe kaburi lao, nalo litahamishwa kwa heshima. Yasiyo na wenyewe yatakusanywa katika shimo moja. Kurasa mbili zilizofuata zilikuwa majina ya wasio na wenyewe, yaliyonakiliwa kutoka daftari la zamani. Baba yangu alikuwa ukurasa wa pili, karibu na mwisho.

Sikuanguka, sikulia. Niligawa nakala kwa vikundi, nikawaambia watafute makosa, sauti yangu ikitoka kama ya mtu anayesoma bei ya nyanya.

Wakatafuta. Mama mmoja muuza mboga, mnene na mwenye sauti ya kanisani, akasema tangazo ni la Kifaransa tupu, nani atalisoma? Mwingine akasema limebandikwa kwenye kolido la komini, ambako mtu haingii bila kuitwa. Mjane mmoja akasema misalaba ya mbao ya makaburi yale iligeuzwa kuni zamani, wakati wa njaa, kwa hiyo hata mwenye karatasi hawezi kuonyesha kaburi. Yote yalikuwa ya kweli, nami niliyaandika ubaoni. Lakini kila mwenye macho aliona kwamba majina ya kurasa zile mbili yalikuwa ya Kikasai, moja baada ya jingine, na hakuna aliyelisema. Wenyewe walikuwapo. Walipakiwa kwenye mabehewa. Hata yule wa kofia, ambaye hakunyamaza tangu jana, alikuwa ameinamia karatasi yake kimya.

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Na katikati ya hasira hizo nikapata wazo la aibu, nalisema kama lilivyokuja: wakati wa mapumziko nimvute katibu pembeni, nimnong'oneze, aliondoe jina moja tu. Angefanya. Katibu wa komini hamkatalii mtu aliyetumwa na mkoa. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili kuelekea meza yake kabla sijajisikia haya.

Nikarudi mbele, nikaweka kalamu ya ubao chini.

"Asubuhi niliwafundisha jambo," nikasema. "Mimi ninalo langu humu. Jina la nne kutoka mwisho, ukurasa wa pili, ni la baba yangu. Sisi tulifukuzwa hapa. Karatasi yake ya mazishi ilipotea gare. Sasa ninatoka nje, na nyinyi mtaamua mfanye nini na tangazo hili."

Nilikaa uani, karibu na mpishi wetu aliyekuwa akikoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hakuniuliza kitu, alinisogezea tu beseni lililopinduliwa nikalie. Ndani sauti zilipanda na kushuka, sikushika neno hata moja. Niliwaza kwamba nimeharibu mafunzo, nimeharibu kazi, na baba bado ataishia shimoni na wenzake. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Yule mama mnene ndiye aliyekuja kuniita. "Ingia, mama. Kuko mutu anataka kukusemesha."

Alikuwa yule wa kofia. Amesimama, kofia ameishika mkononi kwa mara ya kwanza, na kichwa chake kilikuwa na upara nisioutegemea.

"Mama," akasema, "tata yako, ni mi njo nilimuchimbia kaburi. Tulikuwa bavijana bane ba kartie. Tulichimba, tukakuta jiwe mukubwa, tukasogeza shimo hatua moja. Njo maana yeye haiko mu mustari moja na bengine. Hata leo naweza kukuonyesha."

Nilitaka kumshukuru, lakini hakuwa amemaliza.

"Na siku ile mulipanda train, nilikuwaka pale gare. Nilikuwaka naimba na bengine, mutoke. Sitasema nilikuwaka mutoto, nilikuwaka mukubwa. Nilimuona mama yako. Nilijua ni muke ya ule tata, na niliimba."

Natamani niandike kwamba nilimsamehe palepale. Sikumsamehe. Nilitaka kumrushia ule ubao na miguu yake yote. Na wakati huohuo nilitaka anishike mkono anipeleke kaburini sasa hivi, kabla hajasahau njia. Sikujua la kufanya na uso wangu, kwa hiyo nikakaa kwenye kiti cha wanafunzi.

Katibu akakohoa. Akasema kwa upole kwamba kanuni zinataka familia, na familia iwe na karatasi. Mama mnene akamgeukia.

"Familia mulituma wapi, tata katibu? Tuseme ukweli. Na aba batu bote, balipokufa, nani alilala ku kilio? Nani alipika, nani alibeba sanduku? Si batu ba hapa? Basi siye njo bashahidi."

Hapo darasa likafanya kazi ambayo sijawahi kuiona tena mahali pengine. Walisoma majina kwa sauti, moja moja. Mtu aliinuka: huyu alinifundisha kusoma. Mwingine: huyu alitushonea nguo za komunyo, kaburi lake liko karibu na ukuta. Huyu tulicheza naye mpira. Shefu mmoja alitumwa nyumbani kumleta mama yake mkongwe, akaja, akataja makaburi tisa akiwa amekaa, kwa mpangilio, kama anayetaja watoto wake. Yalibaki majina ambayo hakuna aliyeyakumbuka, na tuliyawekea alama yatangazwe makanisani, kwa Kiswahili na Kiluba, na watu wawapigie simu jamaa wa marehemu walioko Kasai.

Siku ya tatu mkuu wa komini alikuja kufunga mafunzo, akidhani atapiga picha na kunywa soda. Alikuta madai manne yameandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani, na wakuu wake wa mitaa wamekaa safu moja na wauza mboga. Akasoma, akakuna shingo, akasoma tena. Muda ukaongezwa, tangazo likatafsiriwa na kupelekwa sokoni, na ushahidi wa jirani aliyehudhuria mazishi ukakubaliwa mahali pa karatasi iliyopotea. Barabara hatukuizuia, na sitajidai kwamba tuliweza. Lakini katibu aligonga muhuri wake mbele ya watu wote.

Wiki iliyofuata yule shefu alinipeleka makaburini. Alitembea akihesabu kwa mdomo, akarudi nyuma, akahesabu tena, akachukua jembe na kukwangua udongo mwekundu. Ncha ya jiwe ikaonekana. Nilimpigia mama simu nikiwa nimesimama palepale, nikamwambia nimempata baba. Akaniuliza kwa ukali nimejuaje kuwa ni yeye, mahali pasipo na msalaba. Nikamwambia kuna jiwe.

"Jiwe," akarudia. "Siku ile walichelewa kuzika kwa sababu ya jiwe." Kisha akalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu alilia kwa ajili ya Kolwezi bila kuinuka kwenda kuosha vyombo.

Tulitoka pale moja kwa moja hadi komini kujaza fomu. Katibu alitupatia kalamu moja. Mimi nilimaliza sehemu yangu, shefu akaanza yake: jina, mtaa, mahali pa kaburi, namna alivyolitambua. Penye mstari wa uhusiano na marehemu akasimama. Kwenye fomu zilizokwisha kujazwa, zilizolundikwa pale mezani, wenzake wote walikuwa wameandika neno moja bila kufikiri, jirani. Yeye aliisukuma karatasi mbele yangu.

"Hapa siwezi kuandika mi mwenyewe," akasema. "Weye njo mwenyewe wa kaburi. Uniambie mi ni nani kwake."

Katibu alijifanya anatafuta kitu ndani ya droo. Nikaichukua kalamu. Hasira ilikuwapo, na ipo hadi leo ninapoandika haya. Niliuona tena umati wa gare, na mama amefunga shuka lake juu ya kichwa ili tusione uso wake. Nikawaona pia vijana wanne ndani ya shimo, juani, wanahangaika na jiwe la mtu asiye wa kabila lao, na hakuna aliyewalazimisha.

Nikaandika, kwa herufi kubwa ili pasiwe na shaka, JIRANI. Kisha nikampa kalamu asaini.