Breki ya Baba na Gitaa la Galoni

Enzi zetu gitaa halikununuliwa. Lilikusanywa. Ulianza na galoni la mafuta ya kula, ukalitoboa, ukachomeka kipande cha mti kiwe shingo, kisha ukakaa kungoja baiskeli ya mtu iharibike, kwa sababu nyuzi zilitoka kwenye waya wa breki. Waya mmoja ukiufumua unapata nyuzi za kutosha, na vidole vilivyochanika. Binti yangu Neema, aliyezaliwa hapahapa London, uzi wa gitaa lake ukikatika anabonyeza simu na kesho yake mtu anagonga mlango. Anasema kungoja mpaka kesho ni mateso.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Kaka yangu Simoni, ambaye naye anaishi hapa London, mtaa wa Barking, alipata tiketi tatu za kwenda kusikiliza kikundi cha wapiga ngoni kutoka Mali. Ngoni ni gitaa lao la jadi, tumbo la mbao lililowambwa ngozi na shingo nyembamba kama mpini wa jembe. Wazee watano walikaa kwenye viti vyao, hawakuruka, hawakuwasha moshi wala taa za rangi, na ukumbi mzima ukanyamaza. Neema akaniuliza kwa Kiingereza onyesho linaanza saa ngapi. Lilikuwa limeshaanza.

Katikati kiongozi wao akasimulia, na mkalimani akatafsiri, kwamba ngoni yake ya kwanza aliitengeneza kwa kopo na waya wa breki ya baiskeli ya baba yake. Watu wakacheka. Mimi na Simoni hatukucheka.

Nilikuwa na miaka tisa. Galoni langu lilikuwa tayari, na kijiji kizima hakuna baiskeli iliyoharibika. Ya Baba ilikuwa na breki moja tu inayoshika, nikachukua waya wa hiyo, Jumamosi jioni. Mama alizoea kusema, "Mtoto wa kike na gitaa, wapi na wapi?" kwa hiyo nilijificha nyuma ya choo kufanya mazoezi. Asubuhi Baba, mwalimu wa hesabu na mzee wa kanisa, akashuka mteremko wa kwenda ibadani. Alilipita kanisa. Akaipita nyumba ya mchungaji. Alisimamishwa na zizi la mbuzi. Siku hiyo yeye ndiye aliyepangwa kusoma matangazo, akayasoma yote, suti yake ya harusi ikinuka samadi.

Nyumbani akatupanga mstari. "Nani amegusa breki?" Kwetu mtoto akiulizwa swali gumu aliinama kufunga kamba za viatu. Nilizifunga, nikazifungua, nikazifunga tena.

Hakuna aliyemfikiria msichana. Simoni, mvulana pekee, alichapwa fimbo sita na kukatazwa kugusa baiskeli. Muhula mzima alitembea kwenda sekondari, saa moja na nusu kwenda, na kurudi vilevile. Hakujitetea. Nami kwa woga nililitumbukiza galoni chooni jioni ileile ya fimbo. Baba amekufa akiamini ni Simoni. Jambo hili limenikaa rohoni miaka yote, na naona aibu hata kuliandika.

Ukumbini, makofi yalipotulia, nikamwambia, "Kaka, ile breki niliiharibu mimi."

Hakugeuka. "Najua. Nilikusikia kule nyuma ya choo."

"Sasa mbona ulikubali kuchapwa?"

"Ningesema, Baba angelikanyagakanyaga lile galoni. Na wewe ulikuwa umeshaanza kupatia." Akatabasamu kidogo. "Kila nikitembea nilikuwa najiambia, haya, huko nyumbani Vero anapiga."

Neema, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila kukijibu hataki, akajipenyeza kati yetu na kuuliza kwa Kiingereza gitaa hilo liko wapi sasa. Watoto wa siku hizi wanauliza tu, bila hata kukohoa kwanza. Simoni akanigeukia, maana naye alitaka kujua.

Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vya siku hizi havina kamba.