Jua Lililotokea Juu ya Mashine ya Kusaga

Kuna asubuhi moja jua lilitokea upande usio wake. Mashahidi ninao, ukoo mzima.

Mimi ni mpiga picha. Nimezaliwa ng'ambo ya ziwa, upande ambao jua hutoka majini kila siku. Kwetu ukimuuliza mtu mashariki ni wapi, anakuonyesha maji.

Na ziwa lenyewe si la mchezo. Ukisimama ukingoni huoni upande wa pili, ni maji tu mpaka yanapokutana na mbingu. Kulivuka kwa meli ni safari ya kutwa.

Sasa mimi nikaenda kumpenda binti wa upande wa pili.

Dada yake alikuwa anaolewa, mama yao akaniita nikapige picha. "Nikuone kwanza ukiwa kazini," alisema. "Mengine tutazungumza."

Umeelewa hapo? Nikiharibu, mke sina.

Nilifika giza limeshaingia. Baada ya kula nikaanza kumtambia mama.

"Mama, kesho alfajiri nawataka wote ufukweni. Jua litachomoza majini, bibi harusi ameligeuzia mgongo. Picha ya kutundika ukutani hiyo."

Mama akanitazama, akaendelea kumenya chungwa lake.

"Sawa, mwanangu. Fundi ni wewe."

Asubuhi nikaamsha nyumba nzima. Bibi harusi alirembwa kwa mwanga wa taa huku shangazi zake wakinisema chini chini. Tukashuka ufukweni, nikawapanga wote migongo kwenye maji, nikapiga goti na kamera yangu.

Tukasubiri.

Maji yakaanza kuwa meupe taratibu. Jua hakuna. Ila kisogo changu kikaanza kupata joto.

Nikaona wote wanakunja macho, wanaangalia juu ya kichwa changu. Nikageuka.

Jua lile pale, limekaa juu ya bati la mashine ya kusaga, halina wasiwasi na mtu.

"Bwana picha," mjomba wa bibi harusi akauliza, "hilo jua lako linakuja na meli ya saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Binti ninayempenda akaangalia chini, na hicho ndicho kilichoniuma.

Nikafungua mdomo nisingizie mawingu. Nikatazama juu, wingu hakuna hata la dawa.

"Nimekosea," nikasema. "Kwetu jua linatoka ziwani. Sikukumbuka kwamba nyinyi ziwa lenu liko magharibi."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye mchanga.

"Mimi pia nimezaliwa ng'ambo," akasema. Binti yake hakuwahi kunitajia hilo. "Nilipoolewa huku, niliamka alfajiri nikaja kukaa hapa hapa, nisubiri jua litoke majini. Mama mkwe wangu alikuja kunichukua jua likiwa utosini. Alinicheka mpaka tunamzika."

"Kwa hiyo jana ulijua, mama?"

"Nilijua. Nilitaka kuona ukiumbuka utamsingizia nani."

Nilikuwa nimeponea chupuchupu.

"Haya, piga," akasema. "Si linawamulika usoni vizuri tu?"

Nikapiga. Picha zilitoka safi, japo wote wamekunja macho.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani, mama akanishika mkono.

"Jioni turudi hapa, jua likizama kule kwetu. Unipige nikiangalia huko. Sijavuka tangu mama yangu afariki." Nikaitikia kwa kichwa.

"Halafu kamera umpe mjomba," akaongeza. "Na wewe uvae vizuri. Utasimama na mimi na binti yangu."

Mjomba alitukata vichwa wote watatu. Picha imetundikwa sebuleni kwetu hivyo hivyo, na mke wangu hataki iguswe.

Kwa hiyo, wadogo zangu, ukifika ukweni usitambe kabla hujaiona asubuhi ya pale. Na ukishaumbuka, kubali mapema, watu wakanywe chai.