Mji Mmoja Mbele

Mwalimu wetu wa Kiingereza alimpa kila mmoja neno lake, tuandike maana yake, lilikotoka na linavyotumika. Jirani yangu wa dawati alipewa "nearby", akashangilia kama amepewa shamba. Mimi nikapewa "where". Kamusi ya maktaba, ile iliyong'olewa jalada, inasema ni neno la kuulizia mahali, kuukuu kabisa, na lina ndugu wawili wa nyumba moja, "here" na "there". Mmoja anauliza, wawili wanajibu. Nikaandika hayo. Chini ya matumizi nikaandika: Huku kwetu hutumika kuanzisha uongo. Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaniuliza kama najiona mcheshi. Sikujiona mcheshi. Tulikuwa tumetoka kumzika Cucu, nyanya yangu mzaa baba.

Huku Nyeri ukiulizwa uko wapi, husemi ulipo. Unasema utakapokuwa, Mungu akipenda. Anayeoga ameshatoka. Aliyetoka ameshafika stendi. Baba hubeba mchele kwa lori kutoka Wang'uru, kule Mwea, na siku zote alikuwa mji mmoja mbele ya lori lake. Akisema Karatina, yuko Sagana anakula samaki. Akisema Nyeri, ndio anaingia Karatina. Hakuna aliyedanganyika. Ni kama bei ya mitumba, unajua tu utapunguza. Tulipunguza mji mmoja, na chakula kikapakuliwa kikiwa moto.

Cucu peke yake hakupunguza. Alipolazwa hospitalini, mapafu yamejaa maji, alitaka kitu kimoja tu: kumwona Baba, kitinda mimba wake.

"Baba yako yuko wapi?"

"Amefika Sagana, Cucu."

"Hata jana alikuwa Sagana. Ati ameoa huko?"

Wodi nzima ikacheka, hata yule mama wa kitanda cha pili aliyekatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi. Cucu mwenyewe akacheka mpaka akakosa pumzi. Nesi akanikazia macho mimi, kana kwamba ndimi niliyemfundisha.

Jioni ile tulikuwa naye mimi na shangazi yangu, dada yake Baba, ambaye tunamwita Tata. Mtu mzima havuki geti bila kadi ya wageni, na kadi ya Cucu ilikuwa moja tu, ndani ya sidiria ya Tata, pamoja na simu yake ya pili. Simu ya kwanza ikalia. Ni Baba. Tata akaweka spika.

"Niko getini. Leteni kadi."

"Geti ya wapi?" Tata akanikonyeza. "Wewe uko Karatina, wacha mchezo."

"Dada, niko hapa getini, huyu soja amekataa..."

Ikakatika. Tata akapiga, hapatikani.

"Chaji imeisha," nikasema.

"Imemwishia Karatina," akasema Tata, tukacheka wote wawili. Dirisha la wodi linatazama geti. Hakuna aliyenyanyuka.

"Amefika?" Cucu akauliza.

"Anakaribia, Maitu," Tata akamwambia mamake.

Cucu akaomba tumwinulie mto. Akageuza uso, akatulia hivyo. Kengele ya kufukuza wageni ikalia, tukatoka.

Baba alikuwa nje ya geti. Mfuko wa mchele wa pishori begani, viatu vimejaa tope la Mwea. Alikuwa amemwachia utingo lori, akaja na gari la abiria ili awahi. Hakutugombeza. Alinyoosha mkono tu apewe kadi. Tata akaitoa sidiriani, lakini soja alishafunga. Baba akamwita mkubwa, akamwita bosi, akamwita ndugu yangu.

"Mzee, saa imepita. Rudi kesho mchana," soja akasema, wala hakusema kwa ubaya.

Wodini walitupigia asubuhi, chai ikiwa bado jikoni.

Baba alitaka kuona kitanda kwanza kabla ya mochari. Tata alishindwa kuingia, akabaki kwenye korido ameshika ukuta. Shuka zilishatolewa na godoro limepanguswa, bado lina maji. Baba akatazama dirisha, akatazama ule mto usio na foronya, akaniuliza polepole:

"Mlipomwacha, alikuwa anaangalia wapi?"

Nyumbani mimi ndiye mtu wa mchezo. Jibu la uongo huwa liko mdomoni kabla swali halijaisha. Na asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameondoka, mlima uko pale dirishani mzima mzima, na theluji yake. Ningesema alikuwa anaangalia mlima, ingemtosha. Angeenda kuwaambia watu nyumbani.

"Mlangoni," nikasema.

Baba akaketi kwenye lile godoro bichi. Nesi akaja kumwambia hairuhusiwi, akamwona uso, akarudi alikotoka.